Mkungu Uliokaa Kisimani

Agosti 9

Daftari hili Nimisha aliliacha na kurasa nyingi tupu, nami sipendi kitu kizuri kikae bure. Nitaandika humu habari za mkungu wake mpaka sikukuu ya Onam ipite. Wajukuu wakija kusoma, wajue bibi yao hakuwa mtu wa mchezo.

Mgomba aliupanda yeye mwenyewe, binti yangu, mwaka jana baada ya Onam, kabla watu wa Prajith hawajaja kuposa. Alichimba shimo peke yake, akatia samadi ya mbuzi na majivu, akajipangusa mikono kwenye gauni jipya (nikamfokea) akasema, "Mama, huu ni wa Onam ijayo." Mwezi wa nne tukamwoza. Na mgomba ukazaa mkungu ambao sijauona mfano wake toka nizaliwe: mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, vidole vimejipanga utadhani vimechanwa kwa kitana.

Huku kwetu, Onam ya kwanza ya binti aliyeolewa, nyumbani kwao hupeleka mkungu kwa wakwe. Unapelekwa mkesha wa sikukuu, siku ya Uthradam. Uwe mzima, haujakatwa chane hata moja, uwe na rangi ya dhahabu, usiwe na jeraha. Unatundikwa sebuleni, na kila mgeni anautazama kabla hajaketi. Wakiutazama mkungu wanamtazama binti.

Wengi siku hizi wananunua. Wangu umepandwa na bibi harusi mwenyewe! Nani mwingine kijiji hiki? Nimeulizia. Hakuna.

Agosti 10

Mvua.

Agosti 11

Mvua. Baba Nimisha ameufunga mkungu kwa majani makavu ya mgomba ili upepo usiukwaruze ngozi. Mume wangu ana maneno machache kwa siku, na moja ni "chai".

Agosti 13

Leo amepiga simu mama yake Prajith, Vilasini. Yule mama ana sauti ya mtu anayeongea huku akikutazama miguu.

"Mkwe, mvua zinasemaje huko?"

"Zinanyesha, dada. Mkungu wetu unanawiri."

"Eeh, Nimisha ananiambia kila siku. Sasa sikiliza, usijisumbue sana. Hata wa dukani sisi tutapokea."

Wa dukani! Mimi, Thankamani, niliyelea mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza wilaya nzima kwa kupanga maua, nipeleke mkungu wa dukani! Nikajibu kwa adabu, "Dada, sisi njia ya huko hatuijui." Nikakata simu, nikasugua sufuria zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi.

Anamdharau mtoto wangu. Haya, tutaona.

Agosti 15

Upepo ulivuma alfajiri, na nilipotoka nikakuta mgomba umeinama, umeegemea mti wa kuegemeza kama mlevi aliyeshikwa na rafiki. Mizizi upande mmoja imeng'oka. Nikapiga yowe. Baba Nimisha akaja anakimbia akiwa amejifunga shuka moja tu, akautazama, akasema, "Leo."

Tulitaka kuukata siku chache kabla ya sikukuu. Lakini ukianguka wenyewe, kila kidole kitavilia, na ndizi iliyovilia ikiiva inatoka nyeusi pale pale ilipogongwa, hata uibembeleze vipi. Basi tukaukata. Yeye alishika panga, mimi nilisimama chini nikaupokea begani. Eliyamma, jirani yangu, akashika mkia wake. Nilikuwa nimetandika godoro la kitanda chetu barazani, tukaulaza huko. Godoro limeingia utomvu na halitatoka kamwe, na sijutii.

Ndizi zimekomaa, Mungu ni mwema. Kona za vidole zimeshajaa. Tumeutundika kwenye boriti ya chumba cha mpunga, mahali pa baridi, mkungu haugusi ukuta wala gunia. Mkungu mbichi uliokomaa ukitundikwa hivyo unakaa bila shida. Siku tatu kabla ya Uthradam tutauvumbika kama alivyofanya mama yangu: shimo, majani, moshi wa makumbi ya nazi, kisha tunaziba. Unatoka wote rangi moja.

Agosti 17

Karkidakam, mwezi wa mvua, umekwisha, mwezi mpya umeingia, na watu wameanza kutembeleana. Kila anayepita nampeleka chumba cha mpunga. Si kujisifu, ni ukarimu.

Eliyamma alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Dada, huu umeutundika au umeuoza? Mbona huna hata vikuku vya kuuvisha?"

"Usiuguse."

"Nimeugusa?"

"Umeutamani. Inatosha."

Tulicheka sana. Lakini mke wa mwenye duka la mbolea alikunja pua akasema chumba kinanuka panya. Panya! Kwangu!

Agosti 18

Nimepata dawa ya harufu. Kila magharibi napitisha chetezo vyumbani kwa ajili ya mbu, kama kila mtu: makaa ya makumbi ya nazi na ubani kidogo juu. Sasa nikimaliza, chetezo nakiacha chumba cha mpunga na mlango naufunga, harufu iingie vizuri. Asubuhi ukifungua ni kama uko hekaluni. Aje sasa huyo mwenye pua.

Agosti 19

Wageni saba. Wote wamesifu harufu.

Agosti 20

Leo Atham, siku kumi za Onam zimeanza, na watoto wameanza kupanga maua uani. Maua ya Nimisha yalikuwa yanapigwa picha. Haya ya mwaka huu ni maua tu.

Mvua jioni. Chetezo.

Agosti 21

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliingia na mama wawili kutoka ng'ambo ya mto kuwaonyesha. Mmoja akasema, "Loo, mmeshauvumbika? Si mapema hivyo?" Nikacheka, nikamwambia atazame vizuri. Nikatazama mimi. Chane ya juu kabisa, kidole cha pembeni, shingo yake ilikuwa ya njano, na kinachofuata kimeanza kupauka.

Wiki nzima imebaki kufika Uthradam! Ndizi ikishaanza kugeuka hairudi nyuma. Siku nne tano iko dhahabu, halafu madoadoa, halafu vidole vinadondoka kimoja kimoja. Siku ya kuupeleka ningekuwa na mkungu mweusi unaofuatwa na nzi.

Niliwatoa wale mama kwa kisingizio cha chai, na chai sikuwapa. Nikamwita Eliyamma. Alisimama akinusa, akanusa tena, kisha akakiona chetezo pembeni.

"Mama Nimisha, hiki kinafanya nini humu?"

"Harufu. Na mbu."

"Kila siku?"

"Kila magharibi."

"Na mlango?"

"Naufunga. Si harufu itatoka?"

Akajipiga paji la uso. "Makumbi ya nazi, moshi, mlango umefungwa! Dada yangu, na kuvumbika ni nini kama si hivyo? Kilichobaki ni kuchimba shimo!"

Nilikaa juu ya gunia la mpunga. Mama yangu alinifundisha kuvumbika nikiwa sijavunja ungo, nami nimevumbika mikungu mingi kuliko nywele zilizobaki kichwani kwa baba Nimisha, na bado sikuona. Niliona chetezo ni chetezo, shimo ni shimo. Nilikuwa natafuta sifa puani mwa watu.

Eliyamma alijaribu kunifariji kwa njia yake. "Zikate leo, uzikaange vipande. Onam bila ndizi za kukaanga ni Onam gani? Halafu mkungu wa kupeleka atautafuta shemeji yangu sokoni, wa dhahabu tupu."

Wa dukani. Sauti ya Vilasini niliisikia kabisa.

Kwanza tulitoa chetezo na kufungua madirisha. Haikusaidia, maana nje kumetulia, joto la unyevu, hewa kama nguo iliyoloa. Friji yetu haiingizi hata nusu yake. Nilizunguka nyumba mara sijui ngapi natafuta mahali pa baridi mpaka nikajikuta kisimani, nimeinamia, na ubaridi wa chini ukanipiga usoni.

Hapo nikamkumbuka. Nimisha alikuwa na miaka saba. Msimu wa maembe alikuwa anaficha ya kwake ndani ya ndoo, anaishusha kisimani mpaka karibu na maji, anafunga kamba, ili binamu zake wasiyaone. Wenzake wameshamaliza yao wamebaki na kokwa, yeye anavuta ndoo anakula, wanamtazama. Nilimchapa kwa ajili hiyo! Kumbe mtoto wa miaka saba alikuwa amegundua friji.

Nikapiga kelele, "Baba Nimisha! Kamba!"

Tumeufunga upya kwa majani makavu, na juu yake sari yangu kuukuu laini, ili ukiyumba usikwaruzwe na mawe. Kamba mpya imepitishwa kwenye kapi, tukaushusha polepole ukaning'inia juu ya maji, haugusi. Mdomo wa kisima tumeufunika kwa makuti. Maji ya kuoga na kupika nachota kwa Eliyamma, naye ameshaanza kuniita mpangaji.

Agosti 22

Tumeuvuta asubuhi kutazama. Rangi haijasogea. Maji yako chini ya lile jiwe jeusi la ukuta wa kisima.

Agosti 23

Rangi imesogea kidogo, kama mtu anayetembea kwa kuibia. Maji chini ya jiwe jeusi. Wageni nawaambia mkungu umepumzika.

Agosti 24

Nimisha alipiga simu. "Mama, mkungu wangu haujambo?"

"Unakusalimu."

"Uko wapi sasa?"

Sijawahi kumdanganya mtoto huyu, isipokuwa kuhusu uzito wangu. Nikamweleza yote. Alinyamaza, nikadhani analia. Kumbe amejiziba mdomo kwa kicheko. "Kwa hiyo ile fimbo ya maembe utanirudishia?"

Nikamwambia asimwambie mkwe wake. Akasema, "Mama, huyo si kama unavyomfikiria." Watoto wakiolewa wanakuwa mawakili.

Mvua kubwa jioni.

Agosti 25

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Mto umepanda. Jiwe jeusi halionekani.

Kisima chetu mvua zikizidi kinajaa haraka, kila mtu anajua, mimi pia najua, ila nilikuwa nawaza joto tu. Ndizi ikilowekwa maji inapasuka ngozi, na ngozi ikipasuka uozo unaingia siku hiyo hiyo. Kuurudisha ndani ya nyumba ni kurudi kwenye joto, uive wote kabla ya wakati. Basi inabidi uvutwe juu kidogo kila maji yanapopanda, na mtu awepo wa kutazama.

Nilienda kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, mgongo unaniuma. Nilipoamka mvua inapiga bati kama mawe. Nikatoka mbio bila viatu.

Baba Nimisha alikuwa pale. Amesimama ukingoni, mkono mmoja ameshika kamba ameizungusha kwenye mpopoo, mkono mwingine ameshika mwavuli. Mwavuli ameuweka juu ya kisima, mahali makuti yalipopeperuka. Yeye mwenyewe anatiririka maji kuanzia kichwani, miwani imejaa ukungu, haoni hata mbele.

"Tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Ulipolala."

"Utaugua, wewe mtu mzima!"

"Vuta kidogo," akasema. "Yamepanda."

Tukavuta kidogo. Nikaleta mwavuli wa pili nikamshikia yeye. Tulikaa hivyo mpaka giza likaanza. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba nyumba hii naisukuma mimi, maana mimi ndiye ninayesikika. Sikuwahi kuuliza nani alikuwa anafunga yale majani makavu, nani alinoa panga, nani aliusimamisha ule mti wa kuegemeza kabla upepo haujavuma.

Nilimpikia chai ya tangawizi bila kuombwa. Akasema, "Nzuri." Nimeiandika hapa iwe ushahidi.

Agosti 26

Mvua imepungua. Maji yamesimama. Mkungu mkavu.

Agosti 27

Jua! Tumeutoa kwa mara ya mwisho, tukaufungua barazani, na furaha yangu ikakatika katikati. Chane za juu, zile zilizoning'inia karibu na mdomo wa kisima, ni dhahabu yenyewe, zina ule wekundu mdogo mgongoni unaopendwa huku kwetu. Za kati ni njano iliyochanganyika na kijani. Za chini kabisa, zilizokuwa karibu na maji, ni kijani kabisa kama siku tuliyoukata.

Hauna jeraha hata moja. Lakini si wa rangi moja. Unaonekana kama umevaa nguo ya juu ya sikukuu na ya chini ya shamba.

Eliyamma akauzunguka. "Ukiutia moshi leo, za chini zitaiva, lakini za juu zitalainika, zitadondokea njiani. Dada, usikasirike. Shemeji anao mmoja dukani, wote dhahabu, kesho asubuhi uko hapa. Nani atajua?"

Duka lile wanaivisha kwa unga wa dawa. Unang'aa nje, ukimenya ndani ni mgumu na hauna harufu. Lakini kweli, nani angejua? Nilifikiria sebule ya Vilasini, shangazi zake wote wamepanga viti. Nikafikiria Nimisha wangu amesimama pembeni na sinia la chai. Nakiri hapa kwamba nilifungua mdomo kusema ndiyo.

Baba Nimisha alikuwa anaufunga mkungu tena kwenye sari, fundo moja baada ya jingine. Hakuinua hata kichwa. "Huu aliupanda Nimisha," akasema.

Nikafunga mdomo.

Agosti 28, Uthradam

Tumekwenda kwa bajaji. Mkungu tuliulaza mapajani mwetu kama mgonjwa, na kwenye kila shimo nilimwambia dereva, "Taratibu, mwanangu!" mpaka akaniuliza, "Mama, humo ndani kuna mtoto?" Nikamwambia yupo.

Kwa Vilasini viti vilikuwa vimepangwa kweli. Ndoano mpya imepigiliwa sebuleni. Baba Nimisha aliingia na mkungu begani, akautundika, nikafungua sari. Shangazi mmoja mnene akarekebisha miwani. "Ala! Huu umeivia nusu njia?"

Mwingine akacheka. Uso ulinichoma. Nikamtafuta Nimisha kwa macho: amesimama karibu na mlango wa jikoni, sinia mkononi, na tabasamu limemjaa uso mzima. Anautazama mkungu wake kama mtu aliyeona nduguye kituoni.

Vilasini hakucheka. Aliusogelea, akainusa chane ya juu, akapitisha kiganja kwenye vidole vyote taratibu mpaka chini, akitafuta jeraha. Hakulipata. Akanishika mkono, akanivuta jikoni. Nikajiandaa kugombana.

"Huu ulikaa kisimani," akasema. "Nimisha ameniambia."

Nikamkata Nimisha jicho.

"Mkwe, nikwambie kitu. Onam yangu ya kwanza katika nyumba hii, mama yangu alileta mkungu kichwani, kwa miguu, mvua kama hizi. Ulipofika ulikuwa umeloa na kupasuka. Mama mkwe wangu hakuutundika. Aliutoa nje akampa ng'ombe, mama yangu bado amesimama mlangoni." Akawa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Ndiyo maana nilikwambia wa dukani. Nilisema potelea mbali desturi, sitaki mama wa mtu ahangaike vile kwa ajili ya sebule yangu."

Nikachukua vikombe, tukabeba chai pamoja.

Agosti 29, Onam

Tumekula kwenye majani, wawili tu, mimi na baba Nimisha. Ndizi tulizopika ni za Eliyamma. Ule mkungu mwenye kuutoa haonji, na kusema kweli sijui hata utamu wake.

Agosti 30

Hakuna simu.

Agosti 31

Shangazi yule mnene, amesema Nimisha, amekula nne.

Septemba 1

Leo amepiga Vilasini mwenyewe, na sauti yake ilisikika mpaka uani. "Mkwe! Mikungu ya mtaa huu wote imekwisha! Ya jirani imejaa madoa, vidole vinadondoka chini, wanagawia mbuzi. Wetu chane za kati ndiyo kwanza zimefika dhahabu! Wageni wa leo wamekula ndizi nzuri kama wa siku ya kwanza. Nimewaambia wote: mama wa mkwe wangu aliupanga uive ngazi kwa ngazi. Juu kwa mkesha, kati kwa wageni wa baadaye, chini kwa watakaochelewa. Ni kweli, si ndiyo?"

Nikavuta pumzi. "Dada," nikamwambia, "mambo haya ni mipango."

Baba Nimisha alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mwache acheke. Sikujua kwamba Vilasini naye anaweza kujisifu hivyo. Nimeanza kumpenda sana.

Ameomba chipukizi la ule mgomba. Baba Nimisha ameshalichimba, amelifunga kwenye gunia lenye maji, bila kuambiwa.

Septemba 4

Nimisha amepiga. Chane ya mwisho imeiva jana na wameimaliza, isipokuwa vidole viwili. Anakuja Jumapili na Prajith kuchukua chipukizi, na hivyo viwili ni vyetu, mimi na baba yake, maana mkungu ukishakuwa wao, wao wanaweza kumpa wamtakaye. Hiyo sheria ameitunga Vilasini.

"Zitafika Jumapili, mwanangu? Si zitakuwa zimelainika?"

"Zitafika, mama. Nimezitia kwenye ndoo, nimezishusha kisimani."